Kicheko Ndani ya Eda

Sisi wa Buyenzi tukiamua kumsifu mtu, tunamsifu mpaka anatamani kuhama. Asiya, mjane wa Seifu fundi televisheni, tumemsifu mwaka baada ya mwaka kwa kuwa hakumkimbia mama mkwe wake. Wapo wanawake ambao mume akizikwa leo, kesho wameshafunga masanduku. Asiya alibaki. Alimpikia Bibi Khadidja uji, alimkumbusha vidonge vyake vya presha, alimshika mkono kwenda chooni miguu ilipokataa, na mwaka jana Bibi alipofariki, Asiya ndiye aliyeshika birika la maji ya kumwoshea. Kwenye matanga kila mwanamke aliyeingia alisema neno lile lile: huyu si mkwe, huyu ni binti. Asiya alikuwa akitazama mkeka.

Mimi nilidhani ni adabu. Mlango wangu na wake inatazamana, tumesoma chuo kimoja, tumechapwa fimbo moja, na nilijivunia kuwa na jirani mwenye adabu kiasi kile. Kumbe ilikuwa aibu. Nimeijua juzi tu, tulipokuwa tunachambua mchele wa maulidi, mimi nikaanza tena wimbo wetu wa sifa, naye akaliweka ungo chini akanisimulia kuanzia mwanzo, bila kuulizwa. Nilipomwomba ruhusa niyaandike, hakufikiri mara mbili.

"Andika," alisema. "Mi nimechoka kusifiwa."

Basi naandika. Na nikikutana na mtu atakayesema nimemvunjia Asiya heshima, nitamwambia aende akaichambue heshima yake mwenyewe kwanza.

Asiya ni mtoto wa makanika. Baba yake alitengeneza malori kule Zone Industrielle, karibu na bandari, na alikufa kabla ya vita, jambo ambalo watu walikuja kuliita bahati. Seifu alimuoa mwaka wa tisini na moja. Alikuwa kijana mrefu, mpole, mwenye harufu ya risasi ya kuchomelea nyaya, mtoto pekee wa Bibi Khadidja. Bibi alikuwa mjane tangu zamani na mwalimu wa chuo. Nusu ya wanawake wa mtaa wetu aliwafundisha juzuu Amma, na waongo kati yetu aliwajua kwa majina. Yeye mwenyewe hatukuwahi kumshika na uongo, hata ule mdogo wa kumwambia mgeni kwamba chakula kipo.

Seifu hakutafuta biashara ya michezo, ilimjia mezani. Bwana mmoja wa Kigobe, mtu wa ofisi kubwa, alimletea mashine ndogo ya michezo ya watoto wake, imekufa. Ilikuwa kazi ya Wachina: ganda jeupe na jekundu, jina lililoandikwa karibu sawa na lile la Wajapani lakini herufi moja imeongezwa ili mwenye mali asishtaki. Mashine hizo zilinunuliwa Dubai, zikashuka Dar es Salaam, zikapanda treni mpaka Kigoma, zikavuka ziwa ndani ya marobota ya mitumba hadi bandari yetu. Huko Ulaya, naambiwa, wakati huo watoto walikuwa wameshazitupa kabatini. Sisi kwetu zilikuwa mpya. Seifu aliitengeneza, akamngoja mwenyewe. Oktoba ya tisini na tatu ikafika, rais akauawa, nchi ikawaka, na bwana wa Kigobe akakimbia na familia yake, hakuna aliyejua wapi. Mashine ikabaki juu ya meza ya Seifu.

"Akirudi nitamupa," alisema Seifu. Mpaka anaingia kaburini alisema hivyo.

Kuna siku aliiwasha kuijaribu tu, mlango uko wazi. Alipogeuka akakuta watoto wamejaa kibarazani. Ndivyo sali ya michezo ya Seifu ilivyozaliwa, na zilizaliwa hivyo hivyo nyingine Bwiza, Nyakabiga na kwingine. Hakuna mtu aliyekata utepe. Fundi mmoja, televisheni moja ya mgongo mnene, manete mbili, benchi la mbao, na kaseti.

Kaseti zenyewe zilikuwa za njano, na kwenye karatasi yake imeandikwa kuwa ndani mna michezo elfu na zaidi. Uongo mtupu. Ilikuwa michezo sita inayojirudia, mara anga ni ya bluu, mara nyekundu. Seifu alikuwa akisema Mchina anatuuzia shati moja kwa majina elfu. Watoto waliipa majina yao wenyewe: Vifaru, Makomando, Bata. Manete ikichoka kubonyeka, Seifu aliifungua, akasugua kalamu ya risasi kwenye kile kimpira cha ndani, ikafufuka. Mtoto asiye na sarafu alileta kikombe cha maharage au kipande cha sabuni, akacheza. Hapo hakuna aliyemuuliza mtoto baba yake ni nani wala ametoka mtaa gani, na miaka ile hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko tulivyolihesabu.

Sauti ilizimwa mapema. Siku moja mtoto alifungua sauti ya Makomando mpaka mwisho, risasi zikarindima mchana kweupe, na mama mmoja wa nyumba ya pili akatoka mbio na godoro kichwani, watoto nyuma yake, mtaa mzima ukamfuata kuelekea ziwani. Tulirudi tukiwa tumepoteza viatu. Tangu hapo sali zote za Buyenzi zilicheza kimya. Ukipita unaona migongo ya watoto imeinama, midomo inachezacheza, na husikii kitu. Wageni waliona ni ajabu. Sisi tuliona ni adabu ya vita.

Seifu mwenyewe alicheza vibaya kuliko watoto wote. Gari la kwenye kioo likikata kona, yeye mwili mzima unakata kona, mabega yanakwenda, ulimi umetoka nje pembeni. Asiya alimcheka miaka yote ya ndoa yao. Hawakujaliwa mtoto, na nadhani kicheko hicho kiliwasaidia kuvumilia wakati kila mgeni alipomtazama Asiya tumboni badala ya usoni.

Mwaka wa tisini na sita majirani zetu wakatufungia mipaka kwa sababu ya mapinduzi. Kigoma hakukuja tena kitu. Petroli ilipotea, dawa zilipotea, na kaseti nazo zikaanza kufa moja moja bila mrithi. Njia iliyobaki ilikuwa Uvira, ng'ambo ya mpaka, ambako wafanyabiashara wa Kongo walipitisha kila kitu. Mwenye sali mmoja wa Bwiza akapata kaseti mpya kwa njia hiyo. Kufumba na kufumbua, watoto wetu wote wakahamia Bwiza. Benchi la Seifu likabaki na vumbi, na chungu cha Asiya kikabaki na maji.

Seifu aliogopa barabara ya Gatumba. Alikuwa na haki ya kuiogopa. Kila juma tulisikia gari limesimamishwa na watu wenye bunduki. Asiya alikuwa na njaa, na njaa ina mdomo mchafu. Asubuhi ile, wakiwa chumbani, alimwambia mumewe:

"Wanaume wenzako wanaenda Uvira na kurudi. We unaogopa barabara? Basi vaa kanga yangu, ukae mekoni, mi niende."

Aliniambia kwamba Seifu alicheka. Hakukasirika hata kidogo. Alivaa viatu, akachukua mfuko, akamwambia mama yake aliyekuwa anasoma Kurani chumba cha pili, "Mama, nakuja," akatoka. Asiya hakumsindikiza mpaka mlangoni, maana alitaka aone kwamba bado amenuna.

Maiti waliileta siku ya pili. Basi dogo lilikuwa limepigwa risasi wakati wa kurudi, na walioshika bunduki mpaka leo hakuna aliyesema ni akina nani. Tulizika kabla ya alasiri.

Matanga yakiwa bado, alikuja mfanyabiashara wa Uvira aliyeitwa Byamungu, Mkongomani, Mkristo, mwenye bandeji mkononi. Alikuwa kwenye basi lile. Hakutaka kukaa na wanaume. Aliomba kuwaona mama na mke wa marehemu, wakampokea mlangoni mwa chumba, Asiya amejifunika.

"Mama, hii sac ni ya mutoto yako," alisema. "Mi sikuifungua. Bantu walitaka kuibeba, nikakatala."

Alipoondoka, Bibi Khadidja aliufungua mfuko. Ndani mlikuwa na taulo, na ndani ya taulo mlikuwa na kaseti, za njano, mpya. Hakuna kingine. Bibi alizitazama, akazifunika tena kwa taulo, akausukuma mfuko chini ya kitanda kwa mguu. Wakati ule huko nje swali lilikuwa moja: Seifu alifuata nini Uvira, mtu mwoga kama yule? Wapo waliosema magendo. Wapo waliosema mwanamke. Bibi Khadidja alitoka, akasimama mbele ya wanawake, akasema kwa sauti ya chuoni:

"Mwanangu alienda kunitafutia dawa yangu ya presha. Hapa mjini imeisha. Mi ndiye nilimutuma."

Sote tulilia upya. Imamu alisema anayekufa katika kumhudumia mama yake, malaika wanamjua. Watu walimtazama Bibi kwa huruma, lakini huruma ile ilikuwa na mwiba. Nilisikia kwa masikio yangu mwanamke akinong'ona kwamba wazee wengine hawashibi kuishi. Asiya aliyasikia pia. Alikaa pembeni mwa mama mkwe wake, akaona sifa zinamwendea maiti na lawama zinamwendea mwanamke asiye na kosa. Alidhani Bibi amesema uongo ule ili mwanawe asionekane amekufa kwa ajili ya michezo ya watoto. Angeweza kusema: apana, mimi ndiye niliyemtuma, kwa ulimi wangu. Hakusema. Aliniambia kwamba tangu dakika ile hakuweza kula na Bibi sahani moja bila tonge kumkwama.

Akaingia eda, ile miezi minne na siku kumi ya sheria. Kanga zilizopauka, bila wanja, bila manukato, bila kutoka, bila kuonana na mwanamume anayeweza kumuoa. Ndugu zake walikuwa wamekimbilia Kigoma na mpaka umefungwa. Nyumba aliyokuwa nayo duniani ni ile ya ukoo wa Seifu. Nao wanawake wawili wakiwa hawana mwanamume wala mtoto, nani atawalisha? Tuliwapelekea sahani mwanzoni. Kisha sahani zikachelewa, kisha zikasahau njia. Sisemi uongo, vita vilikuwa vimetukausha sote.

Bibi Khadidja ndiye aliyesema sali ifunguliwe. Aliona watoto wanasimama nje wakitazama mlango uliofungwa, wengine na vikombe vya maharage mkononi. Akaweka sheria zake. Asiya atakaa nyuma ya pazia la kitenge na kuelekeza kwa sauti ya chini. Wataingia wale tu ambao hawajabalehe. Bibi alikaa mlangoni na tasbihi, akimwinua kila mtoto kidevu kama anayechagua mbuzi wa Idi.

"We umeanza ndevu. Rudi kwenu."

"Bibi, hii ni masizi!"

"Basi rudi kwenu ukaoge."

Na sheria ya mwisho: mtoto akipoteza mchezo, asiseme "nimekufa, nipe nyingine," kama walivyozoea. Katika nyumba ya msiba hakuna kufa na kupewa nyingine. Waseme "nimeanguka." Watoto walitii. Walicheza kaseti za zamani kimya, wakaanguka kimya, wakainuka kumpisha mwingine. Zile mpya zilibaki chini ya kitanda. Wakubwa hawa wawili walilala juu yake na hakuna aliyezitaja.

Asiya alizitaja peke yake, kichwani, kila siku. Alitaka kujua ni kitu gani hicho alichokipeleka mtu wake akinunue kwa roho. Asubuhi moja watoto wako shuleni, Bibi yuko uani anapika, Asiya akainama, akauvuta mfuko, akachukua kaseti moja, akaichomeka. Alitaka kuona na kuzima, basi.

Ulikuwa mchezo wa mkokoteni unaoshuka mlima. Mtu mfupi mwenye kofia anaendesha mkokoteni wa maboga, na kila kona boga moja linaruka, naye inabidi alidake kwa kofia. Upuuzi mtupu. Asiya akashika manete. Kona ya kwanza akaanguka. Akarudia. Mkokoteni ukashika kasi, kona ikaja, na yeye akajikuta mwili mzima umekata kona pamoja na mkokoteni, mabega yamekwenda, ulimi umetoka nje pembeni. Vile vile. Kama Seifu, aliyemcheka miaka yote.

Kicheko kikamtoka. Hakikuwa kicheko cha kuziba na kanga. Kilitoka chote, kwa sauti, na kilipotoka hakikutaka kurudi. Akacheka mpaka akapiga magoti, na huku machozi yanamwagika, na kila alipojaribu kunyamaza alimwona Seifu na ulimi wake nje, kinaanza upya.

Mtaani kwetu ukuta ni wa matofali ya udongo. Uani, pamoja na Bibi Khadidja, wakati huo huo walikuwa wameketi wageni kutoka Ruziba, wanawake wa ukoo waliokuja kutoa pole kwa kuchelewa kwa sababu ya barabara, na samaki wao kwenye kikapu. Aliyewaleta alikuwa Bi Sijaona. Kila mtaa una Sijaona wake. Wetu jina lake ni hilo hilo, na hakuna kitu ambacho hajakiona. Mkono wake ulikuwa umeshikwa na Bibi katikati ya dua. Dua ikasimama. Wote wakageuza macho kwenye dirisha la mjane.

Asiya alipotoka uani, uso umevimba, hajui kama kuna wageni, alikuta wanawake wanafunga kanga zao kuondoka. Hakuna aliyemsalimu. Bibi aliendelea kupepea jiko. Asiya alitamani ardhi ipasuke, naye aliniambia hivyo akiwa ameshika ungo wa mchele, miaka minane baadaye, na masikio yake bado yakawa mekundu.

Ilipofika adhuhuri, kicheko kimeshafika sokoni. Ilipofika alasiri, kimeshapata mwenzake. Maana mjane hacheki peke yake, si ndiyo? Anacheka na mtu. Na mtu huyo ameingiaje? Na hao watoto wanaoingia na kutoka, je, wote ni watoto? Sijaona hakusema kwamba kulikuwa na mwanamume. Aliuliza tu. Aliuliza nyumba kwa nyumba.

Ijumaa baada ya sala, Mzee Uthmani, mdogo wake marehemu mume wa Bibi na mkubwa wa ukoo uliobaki, akaitisha kikao pale pale kwenye sali. Televisheni ilifunikwa shuka. Wazee watatu kwenye benchi la watoto, magoti yamewafika kifuani. Wanawake kwenye mkeka, Sijaona wa mbele. Bibi Khadidja kwenye kigoda chake. Na Asiya nyuma ya pazia, kwa kuwa yuko edani. Mimi nilikuwepo. Nilikaa karibu na pazia, nikaona kitenge kinatetemeka.

Kilichokuwa mezani kila mtu alikijua. Ikionekana kwamba amemwingiza mwanamume, Asiya atatoka katika nyumba ile jioni ile ile, edani, bila mtoto, bila ndugu, mpaka umefungwa, na jina ambalo Buyenzi halitamfutia.

"Asiya, mwanangu," alisema Mzee Uthmani, na haki ya Mungu hakuwa mtu mbaya, "mi sitaki maneno mengi. Mumeo hata udongo haujakauka. Watu wamekusikia unacheka. Tuambie tu, ulikuwa unacheka nini? Na nani?"

Pazia likanyamaza. Sasa najua alichokuwa anakipima nyuma yake. Akisema kweli, ataokoka: nilikuwa nacheza. Kucheza nini? Kaseti. Kaseti gani, mbona hizi za zamani tunazijua? Zile za kwenye mfuko. Mfuko gani? Hapo uongo wa dawa utafunguka mbele ya wazee, Bibi Khadidja aliyetufundisha Kurani ataonekana mwongo, Seifu atakuwa amekufa kwa maboga ya kwenye kioo, na swali la mwisho litafuata tu, nani basi alimtuma. Akinyamaza, ni malaya.

"Baba mudogo," sauti ilitoka nyuma ya kitenge, nyembamba. "Mi nilikuwa…"

"Alikuwa anacheka na mi," alisema Bibi Khadidja.

Tuligeuka wote. Bibi alikuwa anatazama mbele, tasbihi imetulia mkononi.

"Mi ndiye nilimuchekesha. Nilimukumbusha mambo ya Seifu."

Sijaona alikohoa. "Bibi, samahani, mi nakuheshimu. Lakini we ulikuwa uani na sisi. Mkono yangu ulikuwa umeushika."

"Nilimuchekesha asubuhi," alisema Bibi. "Kicheko kilikawia."

Hakuna aliyecheka. Kila mtu mle ndani alijua kwamba ule ni uongo, na uongo mbovu, usio na miguu wala mgongo, na kila mtu alijua kwamba yeye alijua tunajua. Mwanamke aliyekuwa akituchapa fimbo kwa uongo alikaa mbele yetu akadanganya kwa macho makavu. Mimi niliona haya kwa niaba yake, nikatazama chini. Wote tulitazama chini. Mzee Uthmani alikuna ndevu muda mrefu. Kumwita mke wa kaka yake mwongo, mbele ya watu, hakuweza. Angetuambia nini tena sisi wengine?

"Basi kimekawia," alisema mwishowe. "Tusome Fatiha."

Wakatoka mmoja mmoja, kimya, na Sijaona wa mwisho, akitafuta kiatu ambacho alikuwa amekivaa. Nami nikatoka. Yaliyobaki sikuyaona, ni Asiya aliyenipa.

Alimfuata Bibi chumbani. Bibi alikuwa ameketi kitandani, amechoka, amezeeka kwa mchana mmoja. Asiya akapiga magoti, akashindwa kumtazama, akasema na sakafu.

"Mama, usidanganye tena kwa ajili yangu. Hujui. Si mi ndiye nilimutuma Seifu? Alikuwa anaogopa, nikamutukana. Nikamwambia avae kanga. We watu wanakusema vibaya kwa dawa ambayo hukuiomba, na mimi nimekaa kimya. Mi ndiye nimemuua mwanao, Mama."

"Najua," alisema Bibi.

Asiya akainua kichwa.

"Asubuhi ile nilikuwa hapa, nasoma. Huu ukuta si ukuta. Nilisikia kila neno."

"Tangu siku ile?"

"Tangu siku ile."

"Sasa kwa nini ulisema dawa?"

"Watu walikuwa wanauliza nani alimutuma," alisema Bibi. "Mi ni mzee, nimebakiza nini? We wangekutafuna miaka hamsini."

Asiya aliniambia kwamba hapo ndipo alipojua aibu ni nini. Yote ya nyuma ilikuwa michezo. Miezi yote ile alikuwa amelala chumba kimoja na mtu anayejua, amepakuliwa chakula na mkono unaojua, amelindwa mlangoni na macho yanayojua. Alishika miguu ya Bibi kwa mikono miwili, akaanza kumshukuru, akilia, akimbusu magoti.

Bibi Khadidja aliivuta miguu yake, taratibu, akaipandisha kitandani.

"Usinishukuru," alisema. "Kukuficha, nimekuficha. Kukusamehe, bado."

Kisha akachukua Kurani yake, akafungua, akasema bila kumtazama:

"Nenda ufungue mlango. Watoto wamesimama juani."